Muulize Mwalimu: Bahari ikivunja saa zake

Toleo lililopita nilijibu swali la tetemeko la Bukoba la 2016, na mwishoni nikagusia kwa mstari mmoja tu lile la Sumatra, kisiwa cha Indonesia, la tarehe 26 Desemba 2004. Huo mstari mmoja umeniletea meseji nyingi kuliko jibu lote, kwa hiyo leo ukurasa mzima ni wa Sumatra. Mliouliza swali linalofanana nimewaunganisha, msione mmeachwa.

Shikamoo mwalimu. Mimi nimezaliwa 2005, hiyo tsunami naisikia tu kwa wakubwa. Tetemeko si linatikisa nyumba tu? Sasa maji yalipandaje mpaka yakaua watu zaidi ya laki mbili? (Msomaji, Bagamoyo)

Marahaba mwanangu. Ardhi tunayoikanyaga imegawanyika mabamba makubwa makubwa na yote yanatembea, polepole sana. Huko magharibi ya Sumatra bamba lililobeba sakafu ya Bahari ya Hindi linazama chini ya bamba lililobeba kisiwa chenyewe, linaingia kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka, na pale linapozamia kuna mfereji mrefu chini ya maji unaitwa mfereji wa Sunda. Kama lingekuwa linateleza taratibu kila siku wala tusingejua, shida ni kwamba yanashikana. La chini linaendelea kwenda, la juu ukingo wake umeng'ang'aniwa nao unavutwa chini pamoja nalo, miaka 10 nusu mita, miaka 100 mita 5 na zaidi, na hilo deni lote linakaa pale limefungwa. Chukua rula ya plastiki, ibane upande mmoja kwenye meza, upande mwingine uukunje chini kwa kidole afu uachie ghafla. Hivyo inavyoruka ndo ukingo wa bamba ulivyoruka asubuhi ile.

Ilikuwa Jumapili, Sumatra ni saa 1 na dakika 58 asubuhi, sisi huku ni saa 9 na dakika 58 usiku tumelala. Kitovu kilikuwa baharini karibu na kisiwa cha Simeulue, kina cha kilomita kama 30, lakini usifikirie ni sehemu moja tu ilipasuka, mpasuko ulianzia pale ukaenda kaskazini mpaka visiwa vya Andaman, karibu kilomita 1,300, hiyo ni zaidi kidogo ya reli ya kati toka Dar mpaka Kigoma, na ulichukua kama dakika 8 hadi 10 kufika mwisho. Bukoba ilikuwa sekunde tu na tuliona nyumba zilivyoanguka. Kipimo kilikuja kuwekwa 9.1, wengine wanaandika 9.3, na kwa hesabu ya kwanza hiyo ni la tatu kwa ukubwa tangu 1900, nyuma ya Chile 1960 na Alaska 1964.

Sasa maji. Sakafu ya bahari ikinyanyuka mita kadhaa kwa urefu wote huo, maji yote yaliyo juu yake kuanzia chini mpaka juu yananyanyuka nayo. Upepo wa kaskazi unasukuma ngozi ya juu tu ya bahari, tsunami ni bahari nzima inatembea. Ndo maana haivunjiki ufukweni ikaisha kama wimbi la kawaida, inakuja na inaendelea kuja, kama mto umegeuziwa upande wenu, imebeba magari, mbao, mabati, na hivyo vitu navyo viliua na kujeruhi watu. Banda Aceh, mji mkuu wa jimbo la Aceh huko ncha ya kaskazini ya Sumatra, yalifika ndani ya dakika 15 hadi 20 tu. Kwenye baadhi ya fukwe za Aceh maji yalipanda zaidi ya mita 30. Mle mjini kuna meli ya kufulia umeme, tani 2,600, ilibebwa ikatupwa kilomita 2 hivi ndani katikati ya nyumba za watu, ipo mpaka leo wameifanya kumbukumbu. Waliokufa jumla ni karibu 228,000 kwenye nchi 14, na Indonesia peke yake waliokufa na waliopotea ni kama 167,000.

Mwalimu, mi ni mvuvi. Wazee husema siku ile waliokuwa maji makuu hawakuona chochote. Inawezekanaje wimbi liue watu pwani na mwenye ngalawa asilione? (Msomaji, Kilwa)

Wazee wako wamesema kweli kabisa. Kwenye kina cha kilomita 4 wimbi lile linakimbia zaidi ya kilomita 700 kwa saa, mwendo wa ndege, lakini kimo chake ni kidogo na urefu wake toka mgongo mmoja mpaka mwingine ni mamia ya kilomita. Setilaiti inayopima uso wa bahari ilipita juu kama saa mbili baada ya tetemeko ikakuta wimbi la sentimita 60 hivi, sasa sentimita 60 zilizotandazwa kilomita zote hizo mtu wa ngalawa atazisikiaje, anapandishwa taratibu na anashushwa taratibu. Likianza kukanyaga kina kifupi la mbele linapunguza mwendo, la nyuma bado linakuja kwa kasi, maji yanarundikana yanapanda juu.

Kwa hiyo ukipata habari ya tsunami nawe uko nje tayari, usirudi bandarini kuokoa nyavu, toka nje zaidi mpaka kina cha zaidi ya mita 100 na ukae huko. Ila kama uko nchi kavu usithubutu kwenda kuchukua chombo. Chombo kinanunulika.

Kwa nini Somalia walikufa mamia na sisi Kenya na Tanzania wachache? Mamangu anasema ni dua za wazee wa pwani. (Msomaji, Malindi; na wengine sita wameuliza hivi hivi)

Mpe mama salamu zangu, dua sitaibishia. Nitakueleza upande wa maji.

Somalia walikufa karibu watu 300, wengi upande wa Puntland, na rasi ya Hafun ndo iliumia zaidi kwa sababu ni nchi tambarare imejichomoza baharini, visima vyao viliingia chumvi na vyombo vya uvuvi vikaenda wakati msimu umekolea. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, Kenya mtu mmoja. Mpasuko ule ulilala kusini kwenda kaskazini, na nguvu ya tsunami inatoka kwa ubavu wa mpasuko, yaani mashariki na magharibi, sio kwenye ncha zake, ndo maana Bangladesh iliyo karibu zaidi kwa kaskazini haikuumia sana ukilinganisha na Sri Lanka iliyopoteza watu kama 35,000. Kuja kwetu njiani kuna Maldives, kuna Shelisheli na vilima vyake vya chini ya maji, vikapunguza na kutawanya. Kenya polisi waliwatoa watu ufukweni maana habari za Asia zilikuwa zimeshafika redioni na kwenye televisheni, hilo lazima tuliseme, kuna watu wanaishi leo kwa sababu ya askari waliopita Mombasa wakifukuza watu majini Jumapili ya sikukuu.

Lakini kikubwa nataka mkisome vizuri ni hiki. Wimbi lilifika kwetu mchana, na saa zile maji yalikuwa yamekupwa.

Siku ile mwezi ulikuwa kamili. Mtu wa pwani ukimwambia mwezi kamili anajua bamvua linaingia, maji yanakupwa mbali mpaka miamba inakaa nje na jioni yanajaa mpaka yanagonga kuta, na kwetu tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua inapita mita 3. Wimbi lililotufikia lilikuwa dogo kuliko tofauti hiyo, kwa hiyo sehemu nyingi lilikuja likamezwa na nafasi iliyoachwa wazi na maji kupwa, watu wakaona bahari imejaa saa isiyo yake tu basi. Lingechelewa saa nne tu, likute bamvua limejaa jioni, saa ambayo fukwe zote za Dar, Mombasa na Unguja zimejaa watoto wa sikukuu, leo ningekuwa naandika kitu kingine kabisa.

Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa Tanga kwa shemeji yangu, baada ya chakula cha mchana tukashuka pwani, nikaona maji yanapanda haraka, nikamwambia shemeji mbona yamejaa mapema, hatujamaliza kuongea yakaanza kurudi kwa kasi yanaburuza vyombo kwenye kamba zake, afu yakarudi tena, yakaondoka tena. Kuna mzee alikuwa anapaka chombo chake mafuta ya papa, alisimama akaangalia akasema "maji haya sio ya leo," akachukua ndoo yake akapanda juu. Mimi nilikuwa nimefundisha jiografia miaka mingi, neno tsunami niliwaandikia watoto ubaoni kila mwaka, na nilibaki nimesimama pale naangalia. Mbele yangu watoto walikuwa wameshuka wanaokota samaki waliobaki kwenye madimbwi. Sikuwaita. Hawakudhurika, maji yaliporudi yaliwafika magotini wakatoka wanacheka, lakini mpaka leo nikikumbuka wale watoto silali vizuri. Mzee wa chombo hakulijua neno tsunami na aliondoka.

Ni kweli tsunami ikija lazima kwanza bahari ikauke? Shuleni tulifundishwa hivyo. (Msomaji, Mtwara)

Sio lazima, na hapa wengi tumefundishwa nusu. Mpasuko ulipofyatuka, sakafu ya upande wa magharibi ilipanda na upande wa mashariki ilishuka. Walio mashariki, Thailand na Aceh, wengi waliona bahari inakimbia kwanza, ndo pale Phuket binti wa Kiingereza wa miaka 10, Tilly Smith, alipomwambia mama yake hii ni tsunami kwa sababu mwalimu wake wa jiografia alikuwa amewafundisha wiki mbili tu nyuma, na ufukwe ule wa Maikhao ukaondolewa watu. Walio magharibi, Sri Lanka, India na sisi, kilichotangulia ni maji kupanda. Sri Lanka wimbi la kwanza lilipanda, likarudi, bahari ikakauka mbali sana, watu wakashuka kwenda kuangalia, afu likaja kubwa. Kule Peraliya treni ilisimamishwa na maji ya kwanza, watu wa kijiji wakakimbilia ndani ya mabehewa na nyuma yake wakaona ndo salama, wimbi lililofuata likaigeuza, wakafa watu kama 1,700. Hakuna ajali ya reli iliyowahi kuua watu wengi hivyo.

Kwa hiyo mwanangu wa Mtwara, tetemeko likiwa Sumatra sisi tutegemee kupanda kwanza. Usisubiri kukauka.

Mwalimu, kuna mtu alinambia kuna kisiwa kilikuwa karibu kabisa na tetemeko lakini hawakufa. Ni stori au kweli? (Msomaji, Lamu)

Ni kweli na ndo habari ninayoipenda kuliko zote kwenye jambo hili zito. Ni Simeulue yenyewe, nimeitaja juu, jirani kabisa na kitovu. Wakazi walikuwa kama 78,000 na tsunami iliua saba.

Mwaka 1907 kisiwa hicho kilipigwa na tetemeko na tsunami, watu wengi wakafa, na waliobaki wakaamua wajukuu wao wasije wakafa hivyo. Wakalipa lile jambo jina kwa lugha yao, smong, wakaliweka kwenye nyimbo za kubembelezea watoto na hadithi za usiku: ardhi ikitikisika kwa nguvu, bahari ikakimbia, nanyi kimbieni mlimani msisubiri kitu. Miaka 97 ikapita, waliouona ule wa 1907 wote wameshalala makaburini. Asubuhi ile ardhi ilipotikisika watu wakapiga kelele smong, smong, wakabeba watoto na wazee wakapanda. Nyumba zilisombwa, watu wakazikuta hazipo, lakini wao wapo. Hawakuwa na king'ora na hata simu isingewafikia kwa wakati. Banda Aceh, mji mkubwa wenye vyuo na ofisi, ulikuwa hauna hilo neno.

Kwetu Lamu, Pate, Pemba mna utenzi, mna nyimbo za watoto, mna wamama wanaojua kuimba jambo likakaa kichwani maisha yote. Naomba mtu aanze. Akitunga anitumie, nitautoa hapa.

Asalaam aleykum mwalimu. Picha za Aceh zinaonyesha kila kitu kimefutika msikiti umebaki peke yake. Watu huku wanabishana, wewe unasemaje? (Msomaji, Tanga)

Waaleykum salaam. Nimeziona, msikiti wa Rahmatullah kule Lampuuk umesimama na pembeni yote ni mchanga mtupu, na ule mkubwa wa Baiturrahman mjini watu wengi walijiokoa humo. Mambo ya Mwenyezi Mungu waulizeni masheikh, mimi niseme la jengo. Misikiti ile imejengwa kwa zege na nguzo nene na chini iko wazi, maji yanapita kati ya nguzo badala ya kusukuma ukuta, nyumba jirani zilikuwa kuta nyembamba zimeziba njia ya maji. Mwenye uwezo wa kujenga karibu na bahari achukue hilo, ghorofa ya tatu ya jengo la nguzo imara ni kimbilio kama kilima kiko mbali. Ila jamani tusiitumie ile picha kuwahukumu waliokufa. Wengi wao walikuwa watu wa ibada, na kwenye vijiji kadhaa vya Aceh wanawake waliokufa walikuwa mara mbili, mara tatu ya wanaume, kwa sababu walikuwa nyumbani na watoto, au hawakuwahi kufundishwa kuogelea wala kupanda mti.

Ni kweli dunia ilibadilika urefu wa siku? (Msomaji, Morogoro)

Wanasayansi wa NASA walipiga hesabu wakapata siku ilifupika sehemu 2.68 za milioni ya sekunde, kwa sababu uzito wa dunia ulisogea kidogo ndani. Hutaiona kwenye saa yoyote. Mabadiliko ya kuonekana kwa macho yako huko huko: pwani ya magharibi ya Simeulue ilipanda zaidi ya mita moja, matumbawe yakafia juani, na sehemu za Aceh zikashuka, palipokuwa shamba leo ni maji.

Jambo sana mwalimu. Huku kwetu tulisikiaka kama tsunami ndiyo ilimaliza vita ya Aceh. Ni kweli? Sisi tumezoea vita haimalizwi na kitu. (Msomaji, Bukavu)

Jambo ndugu yangu, na poleni. Aceh ilikuwa na vita toka 1976, wapiganaji wa GAM wanataka kujitenga na serikali ya Indonesia haitaki. Tarehe 15 Agosti 2005, miezi minane haijatimia baada ya maji, wakasaini amani Helsinki, msuluhishi akiwa Martti Ahtisaari, rais wa zamani wa Finland, na amani hiyo imeshika. Ila mipango ya kukutana ilikuwa imeshaanza kimyakimya kabla ya tsunami, pande zote zilikuwa zimechoka. Maji yaliifanya haraka, maana nani angeendelea kupigania ardhi iliyojaa maiti, na misaada ya dunia nzima ilikuwa mlangoni inahitaji njia iwe salama. Sri Lanka nako kulikuwa na vita, nako walipigwa na maji yale yale, na vita ikarudi ikapiganwa mpaka 2009. Kwa hiyo nikikwambia tsunami inaleta amani nitakuwa nakudanganya. Aceh kulikuwa na watu tayari mezani.

Mwaka 2012 tulikimbizwa pwani Mombasa, ofisi zikafungwa, afu hakuna kitu kilichokuja. Mbona hizi tahadhari ni za uongo? (Msomaji, Mombasa)

Hapana kaka, hilo nakukatalia. Tarehe 11 Aprili 2012 kulitokea tetemeko la 8.6 baharini karibu na Sumatra, na baada ya saa mbili lingine la 8.2. Kwa ukubwa huo mtu yeyote mwenye akili anatoa tahadhari kwanza. Ila safari hii bamba halikuzama chini ya jingine, vipande vya bamba lile lile la baharini vilisuguana kwa ubavu, huku kimoja kinakwenda upande huu na kingine ule, sakafu ya bahari ikasogea kulala badala ya kupanda, maji hayakunyanyuliwa vya kutosha. Hilo linajulikana baada ya muda, na huo muda ndo unautumia kuondoa watu.

Kumbuka 2004 ilikuwaje. Kituo cha tahadhari cha Hawaii kilikuwa cha Bahari ya Pasifiki, kiliona tetemeko ndani ya dakika 15, kikakadiria 8.0, kikatoa taarifa kwamba Pasifiki iko salama, na kwa Bahari ya Hindi hakukuwa na mfumo wala namba ya kumpigia mtu. Sri Lanka walikuwa na saa mbili nzima. Somalia saa saba. Saa saba! Mtu angetembea kwa miguu kilomita 20 ndani na mtoto mgongoni. Hakuna aliyewaambia. Sasa hivi mfumo upo, ulianza 2006, India, Indonesia na Australia ndo wanatoa taarifa kwa nchi zote za bahari hii na kwetu zinapokelewa na mamlaka za hali ya hewa. Kwa sisi ni muhimu kuliko hata wao, maana tetemeko la Sumatra hatulisikii miguuni, liko kilomita 6,000 hivi. Wa Simeulue alitikiswa akajua. Sisi bila kuambiwa tunabaki na dalili moja tu, bahari yenyewe. Ukikimbizwa mara tano bila kitu, ya sita kimbia tena.

Mimi naishi Muscat. Huku tuko mbali na Sumatra, tulale? (Msomaji, Oman)

Msilale sana. Nyinyi mna mfereji wenu jirani, unaitwa Makran, pwani ya Pakistan na Iran, nako bamba linazama chini ya jingine. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Novemba 1945 ulitoa tetemeko la 8.1, tsunami ikapiga mji wa Pasni huko Pakistan na kufika mpaka Mumbai. Kutoka pale mpaka Muscat ni chini ya saa moja. Oman ina kituo chake cha tahadhari sasa, lakini kwa saa zile fupi ukisikia ardhi inatikisika muda mrefu na uko Qurum ufukweni, usingoje meseji.

Hapa Pangani walikuja watafiti wakachimba mifupa wakasema ni tsunami ya zamani. Kweli? (Msomaji, Pangani)

Kweli, na utafiti wao ulitoka 2020. Walikuta kijiji cha miaka kama 1,000 iliyopita, mabaki ya nyumba, vyungu, shanga, na mifupa ya watu waliotawanyika ndani ya tabaka la mchanga, sio kama watu wanavyozikwa, hamna dalili ya vita wala ugonjwa. Maelezo yao ni tsunami, na wanaamini ilitoka upande ule ule wa Sumatra. Yaani kuna babu zetu bahari iliwakuta usiku au mchana miaka 1,000 nyuma, na hakuna hata wimbo mmoja uliotufikia.

Lile tetemeko la Dar la Agosti 2020 je, lingeweza kuleta tsunami? (Msomaji, Kigamboni)

Lilikuwa la 6.0, dogo mno kwa kazi hiyo. Na mabamba ya kwetu yanaachana, hayazamiani.

Mwalimu, sisi wanawake wa Jambiani tunaenda kuchokoa pweza bamvua likikupwa, tunatoka mbali kabisa mpaka mwambani, simu tunaacha nyumbani zisilowe. Tutajuaje? (Msomaji, Unguja)

Nyinyi ndo niliokuwa nawafikiria nikiandika ukurasa huu wote, maana mko mwishoni kabisa, mbali na nchi kavu kuliko mtu yeyote.

Kwanza saa mnazijua kuliko mimi. Hilo lishikeni, maji yakigeuka kabla ya saa yake, au yakiendelea kukimbia wakati yalitakiwa kuanza kujaa, au yakawa yanakwenda na kurudi ndani ya nusu saa, hapo hapo acheni ndoo na vifaa vya kuchokolea, msiulizane. Pili simu moja iende, ifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki, akae nayo mmoja, na nchi kavu awepo mtu mwenye filimbi au kipande cha bati cha kugonga, mkubaliane mlio ambao hautumiki kwa kitu kingine chochote. Mkishatoka msirudi wimbi la kwanza likipita, yanakuja mengi kwa nafasi ya dakika 20 au 40 na la pili au la tatu linaweza kuwa kubwa zaidi, 2004 bahari ya kwetu ilihangaika mpaka usiku.

Na bamvua lijalo kabla hamjaanza kazi, tembeeni toka mwambani mpaka nchi kavu na mpaka mahali pa juu mnapopajua hapo kijijini, mwendo wa aliye mzito kuliko wote, mbebe na mtoto, mmoja aangalie saa. Mnitumie hizo dakika ni ngapi, nataka kuziandika toleo lijalo.